Kati ya Amri na Minong'ono: Lugha ya Askari wa Kawaida wa Ujerumani, Januari hadi Mei 1945

Ikisiri

Makala hii inachunguza hali ya askari wa kawaida wa jeshi la Ujerumani katika miezi ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kuyatazama maneno aliyoyasikia, aliyoyaandika na aliyoyanong'ona. Hoja kuu ni kwamba kadiri lugha rasmi ya dola ilivyoachana na hali halisi ya vita, ndivyo ilivyozidi kupata uwezo wa kuua. Na kwamba askari alijihami kwa lugha yake mwenyewe ya tasfida, kejeli na kimya. Hata hivyo, kimya hicho kilichomhifadhi askari kilifunika pia mateso ya watu wengine aliyoyashuhudia au kuyatenda. Makala inaonesha kwamba fasihi ya Kijerumani iliyozaliwa baada ya vita ilirithi mambo yote mawili: ukavu wa lugha hiyo na pengo lake. Inahitimishwa kuwa ushahidi wa askari hauna budi kusomwa kwa yaliyosemwa na kwa yaliyoachwa.

1.0 Utangulizi

Historia ya vita huandikwa mara nyingi kwa majina ya majenerali na tarehe za mapigano. Askari wa kawaida huingia humo kama tarakimu: idadi ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Kwa upande wa Ujerumani ya mwaka 1945, tarakimu hizo zenyewe zinazua swali ambalo limewashughulisha wanahistoria kwa miongo mingi. Kwa nini askari huyu aliendelea kupigana ilhali kila dalili ilionesha kwamba vita vimekwisha kushindwa?

Majibu yaliyotolewa yanatofautiana. Shils na Janowitz (1948), waliotumia mahojiano ya wafungwa wa kivita, walidai kwamba askari hakupigania itikadi bali wenzake wachache aliokula na kulala nao. Bartov (1991) aliipinga hoja hiyo. Kwa maoni yake, katika uwanja wa mashariki vikosi viliangamizwa na kujazwa upya mara nyingi mno kiasi kwamba udugu wa namna hiyo usingeweza kudumu. Kilichowashikilia askari ni itikadi pamoja na nidhamu ya kikatili. Kershaw (2011) naye aliyaelekeza macho yetu kwenye muundo wa utawala wenyewe, ambamo hakikubaki chombo chochote chenye uwezo wa kumzuia Hitler.

Makala hii haikusudii kuumaliza mjadala huo. Inauingia kwa mlango mwingine, yaani mlango wa lugha. Inauliza ni maneno gani yaliyomzunguka askari, yalimfanyia nini, naye aliyafanyia nini.

Ufafanuzi mmoja wa istilahi unahitajika hapa. Neno "askari" katika Kiswahili cha leo ni pana. Linamjumuisha polisi na hata mlinzi wa langoni. Neno "mwanajeshi" ni mahususi zaidi, lakini linambeba mtu pamoja na asasi yake. Wajerumani wenyewe walikuwa na neno Landser, ambalo lilimtaja mtu wa cheo cha chini kwa jina la kawaida, bila fahari ya sare. Kwa sababu hiyo "askari" linafaa zaidi hapa, nalo litatumika kwa watu wa vyeo vya chini katika jeshi la Wehrmacht, na pia kwa wazee na vijana waliosukumwa vitani katika siku za mwisho.

2.0 Muktadha: Miezi ya Vifo Vingi

Mtu aweza kudhani kwamba vita vinavyokaribia mwisho hupunguza makali. Takwimu za Overmans (1999) zinaonesha kinyume. Kwa mujibu wa utafiti wake, takribani wanajeshi 5,300,000 wa Ujerumani walikufa katika vita hivyo, na karibu nusu yao walikufa katika miezi kumi ya mwisho. Januari 1945 ndio uliokuwa mwezi mbaya kuliko yote: zaidi ya 450,000 walikufa katika mwezi huo mmoja. Jumla ya waliokufa tangu Januari hadi mwisho wa vita inapita 1,200,000.

Chanzo cha vifo hivyo kinajulikana. Tarehe 12 Januari 1945 jeshi la Kisovieti lilianza mashambulizi makubwa kutoka mto Vistula, na kufikia mwisho wa mwezi huo lilikuwa limefika mto Oder, kilomita chache kutoka Berlin kwa mizani ya vita vya magari. Upande wa magharibi, Wamarekani waliliteka daraja la Remagen tarehe 7 Machi na kuuvuka mto Rhein. Katika eneo la Ruhr, zaidi ya wanajeshi 300,000 wa Ujerumani walizingirwa na kutekwa mwezi Aprili.

Idadi ya watu wa kuyaziba mapengo hayo haikuwapo tena. Oktoba 1944 dola ilitangaza kuundwa kwa Volkssturm, jeshi la umma lililowaita wanaume wote wenye umri wa miaka 16 hadi 60. Wengi wao hawakupewa sare. Walifungwa utepe mkononi ili wasihesabiwe kuwa wapiganaji haramu. Katika jeshi la kawaida nako, vijana waliozaliwa mwaka 1928, na mwishowe hata wa 1929, waliitwa. Vikosi viliundwa usiku kwa mabaki ya vikosi vingine, na asubuhi vikapelekwa mbele. Hapa ndipo hoja ya Shils na Janowitz inapopata shida kubwa zaidi: askari wengi wa Machi 1945 hawakuyajua hata majina ya waliokuwa kando yao handakini.

3.0 Lugha ya Amri

Lugha ya dola ya Kinazi ilichunguzwa mapema na Victor Klemperer, mwanafilolojia Myahudi aliyeishi Dresden chini ya utawala huo na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1947. Mojawapo ya mambo aliyoyabainisha ni wingi wa tasfida. Jeshi halikurudi nyuma; "lilinyoosha mstari wa mbele" au "lilijitenga na adui kwa mujibu wa mpango". Kushindwa hakukutajwa, kulikuwa na "ushindi wa mwisho" tu, ambao daima ulikuwa mbele.

Tasfida hizo zingeweza kuchukuliwa kuwa uongo wa kawaida wa wakati wa vita. Lakini mwaka 1945 zilifanya kazi nyingine. Tuchukue neno Festung, yaani ngome. Mji ulipotangazwa kuwa ngome, kuta hazikuongezeka wala mizinga haikuletwa. Kilichobadilika ni hali ya kisheria ya watu waliokuwamo: hakuna aliyeruhusiwa kuondoka wala kusalimu amri. Breslau ilitangazwa kuwa ngome, ikazingirwa katikati ya Februari, na haikusalimu amri hadi tarehe 6 Mei, siku nne baada ya Berlin yenyewe kuanguka. Kwa mtazamo wa nadharia ya vitendo uneni, "ngome" halikuwa neno la kueleza bali la kutenda. Lilisema uongo kuhusu mji, lakini lilitimiza kikamilifu kile lilichokusudiwa kuwafanyia askari na raia waliokuwamo.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa istilahi ya kisheria Wehrkraftzersetzung. Sehemu yake ya pili ina maana ya kuozesha au kuvunjavunja kitu kwa ndani, kama kemikali inavyokula chuma. Kosa hilo, "kuozesha nguvu za kivita", liliingizwa katika sheria za wakati wa vita, na upana wake ulitokana na sitiari hiyo. Kwa kuwa uozo huweza kuanzia popote, basi neno lolote la kukata tamaa, swali au mzaha vingeweza kuhesabiwa kuwa uozo.

Miezi ya mwisho iliipa lugha hii mahakama za haraka. Tarehe 15 Februari 1945 Waziri wa Sheria, Otto Thierack, alitoa amri ya kuundwa kwa mahakama hizo katika maeneo yaliyotishiwa na adui. Hukumu zilizoruhusiwa zilikuwa tatu tu: kifo, kuachiwa huru, au kupelekwa mahakama ya kawaida. Tarehe 9 Machi ikaundwa mahakama ya kuruka, iliyosafiri kwa magari ikitafuta wa kuwahukumu. Maofisa watano walihukumiwa kifo kwa sababu ya daraja la Remagen, na wanne kati yao wakapigwa risasi. Wa tano alinusurika kwa kuwa alikuwa tayari mikononi mwa Wamarekani.

Askari wa chini hakuhitaji kupoteza daraja ili ahukumiwe. Ilitosha kukutwa nyuma ya mstari wa mbele bila hati ya safari. Mtu aliyetengana na kikosi chake kwa sababu kikosi kimeangamia aliitwa "aliyetawanyika", na tofauti kati ya aliyetawanyika na mtoro ilikuwa karatasi moja yenye muhuri. Waliohukumiwa walitundikwa mitini na kwenye nguzo za barabarani, mabango yakiwa vifuani mwao yakieleza kwamba walikuwa waoga wasiotaka kuwalinda wanawake na watoto wa Kijerumani. Maiti iligeuzwa kuwa maandishi ya kusomwa na wapitao.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana kwa kulinganisha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia mahakama za jeshi la Ujerumani zilitoa hukumu za kifo 150, na 48 zilitekelezwa. Katika Vita vya Pili, makadirio ya Messerschmidt na Wüllner (1987) ni makumi ya maelfu ya hukumu za kifo. Waliouawa kwa kosa la utoro peke yake wanakadiriwa kufikia 15,000. Kwa upande wa Marekani, mwanajeshi mmoja tu aliuawa kwa kosa hilo katika vita hivyo.

4.0 Barua na Mipaka Yake

Chanzo kikubwa cha kumsikia askari ni barua. Inakadiriwa kuwa posta ya kijeshi ya Ujerumani ilisafirisha kati ya barua na vifurushi bilioni 30 na 40 katika kipindi chote cha vita. Askari hakuandika mahali alipo. Aliandika namba ya posta ya tarakimu tano iliyokificha kikosi chake. Barua zilipita mikononi mwa wakaguzi waliofungua baadhi yake, na hivyo kila mwandishi alijua kwamba huenda ana msomaji wa pili.

Uandishi wa namna hiyo una kanuni zake. Mwandishi hutaja baridi, chakula, soksi, usingizi na afya. Kuhusu vita husema kwa mafumbo: kwamba mambo yatakwisha karibuni, kwamba kila kitu ki mikononi mwa Mungu, kwamba mke awe jasiri. Msomaji wa nyumbani, aliyeizoea mikono hiyo kwa miaka mitano, aliweza kusoma kati ya mistari. Hivyo, ufinyu wa barua hizi haupaswi kuchukuliwa kuwa ufinyu wa mawazo. Ni rejesta iliyokubaliwa na pande mbili chini ya jicho la upande wa tatu.

Mwaka 1945 hata njia hiyo ilianza kukatika. Askari aliyetoka Prussia Mashariki au Silesia hakujua tena familia yake iko wapi, kwa maana familia nayo ilikuwa barabarani ikikimbia theluji na mizinga. Barua ziliandikwa kwa anwani zisizokuwapo tena. Kwa askari wa aina hiyo, swali la kwa nini apigane lilipata jibu ambalo halimo katika nadharia yoyote kubwa: alikuwa akijaribu kuizuia njia muda wa kutosha ili mama au mke wake apite. Si wote waliokuwa na jibu hilo, lakini waliokuwa nalo hawakuhitaji itikadi wala kikosi.

5.0 Minong'ono: Misimu ya Askari

Penye barua zilizokaguliwa palikuwa na mazungumzo ambayo hayakukaguliwa kwa urahisi. Misimu ya askari wa Ujerumani ni tajiri, na sehemu kubwa ya utajiri wake ni kejeli dhidi ya waliokuwa juu. Ofisa mwenye uchu wa nishani ya kuvaliwa shingoni alisemekana kuwa "anaumwa koo". Nishani iliyotolewa kwa waliopita majira ya baridi ya 1941 na 1942 huko mashariki iliitwa "nishani ya nyama iliyogandishwa". Polisi wa jeshi, waliovaa bamba la chuma lililoning'inia kwa mnyororo shingoni, waliitwa "mbwa wa minyororo". Waliopita nyuma ya mstari wa mbele wakiwakusanya makarani, wapishi na majeruhi waliopata nafuu ili wawapeleke mbele waliitwa "wezi wa mashujaa".

Misimu hii inafanya kazi kinyume kabisa na lugha ya amri. Lugha ya amri hukichukua kitu kidogo na kukivika jina kubwa. Misimu hukichukua kitu kikubwa na kukishusha hadi kwenye mwili: koo, nyama, mbwa. Nishani inarudishwa kuwa nyama kwa sababu ni nyama ya askari iliyoganda.

Msemo ulioenea zaidi katika siku za mwisho ulimtaka mtu avifurahie vita, maana amani itakuwa ya kutisha. Msemo huo una kicheko, lakini una pia ungamo. Asiyekuwa na la kujutia haogopi amani. Jambo hili tutalirudia.

Kejeli hiyo haikuwa salama. Mwandishi Wolfgang Borchert, aliyekuwa askari wa kawaida, alihukumiwa kifungo cha miezi tisa mwaka 1944 kwa kumwigiza Goebbels mbele ya wenzake kambini. Mmoja wao alimshitaki. Mfano huu unatutahadharisha tusilipambe kupita kiasi neno Kamerad. Asili ya neno hilo ni chumba: wenzi ni wale wanaolala chumba kimoja. Lakini katika chumba kimoja mlikuwamo msikilizaji na mchongezi.

6.0 Kilichonyamaziwa

Hadi hapa askari ameonekana kama mtu aliyebanwa kati ya adui wa mbele na mnyongaji wa nyuma. Picha hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi hatuna budi kuuliza barua na misimu vilinyamazia nini.

Ushahidi mmoja unatoka mahali pasipotarajiwa. Waingereza na Wamarekani walirekodi kwa siri mazungumzo ya wafungwa wa Kijerumani, na maelfu ya kurasa za mazungumzo hayo yalichambuliwa na Neitzel na Welzer (2011). Humo askari, wasiojua kwamba wanasikilizwa, wanazungumza kuhusu kuua raia, kupora na kubaka kama watu wanaozungumzia kazi ya jana. Kile kisichokuwamo katika barua kilikuwamo kinywani. Hivyo kimya cha barua hakikutokana na kutojua.

Miezi ya mwisho ilikuwa pia miezi ya misafara ya wafungwa wa kambi za mateso waliofukuzwa barabarani kwa miguu. Askari waliokuwa wakirudi nyuma walitumia barabara zilezile. Huko Gardelegen, tarehe 13 Aprili 1945, wafungwa 1,016 waliuawa katika ghala lililochomwa moto na kuzingirwa kwa bunduki. Miongoni mwa waliohusika, kando ya walinzi wa SS, walikuwamo askari wa jeshi la anga na watu wa Volkssturm. Kesho yake Wamarekani waliuchukua mji. Waliofanya hivyo hawakuwa na ushindi wowote wa kuutarajia. Na tena hawangeweza kusema kwamba waliwazuia adui.

Tukirudi kwenye ule msemo wa kuogopa amani, sasa unasikika tofauti. Hofu ya askari wengi waliokimbilia magharibi ili watekwe na Wamarekani badala ya Wasovieti ilikuwa na sababu za wazi, zikiwamo njaa na miaka mirefu ya kazi ya utumwa. Mapema Mei maelfu waliuvuka mto Elbe juu ya mabaki ya daraja la Tangermünde. Lakini hofu hiyo ilikuwa pia ni elimu. Walijua ni nini kilichotendwa mashariki, na ndiyo maana walijua kinachoweza kurudishwa.

7.0 Kutoka Vifusini hadi Fasihi

Tangazo la mwisho la lugha ya amri lilitolewa redioni tarehe 1 Mei 1945: Hitler "ameanguka" akipigana hadi pumzi ya mwisho. Kitenzi hicho ndicho kilichotumiwa kwa miaka sita katika barua za kuwaarifu wajane. Ukweli ni kwamba alikuwa amejiua siku moja kabla. Kwa hiyo neno la heshima ya askari aliyekufa vitani lilitumiwa kumfunika mtu aliyekwepa kifo hicho. Askari wote walikuwa wamemwapia Hitler binafsi, na kwa wengi kifo chake kilikifungua kiapo hicho. Fildimashali Ferdinand Schörner, aliyejulikana kwa kuwanyonga waliokutwa nyuma bila hati, aliwaacha askari wake mwezi huohuo na kukimbia akiwa amevaa nguo za kiraia.

Waandishi waliotoka katika vifusi hivyo waliyashuku maneno makubwa. Heinrich Böll, aliyekwepa vita kwa maradhi ya kujifanya na hati za kughushi hadi alipotekwa na Wamarekani Aprili 1945, aliitetea "fasihi ya vifusi" katika insha ya mwaka 1952. Borchert alitoroka kutoka kwa Wafaransa waliomteka, akatembea takribani kilomita 600 hadi Hamburg, naye akaandika tamthilia kuhusu Beckmann, askari anayerejea na kukuta hana pa kuingia. Beckmann anamwendea kanali wake ili amrudishie dhamana ya askari kumi na mmoja waliopotea katika doria aliyoiongoza. Kanali anacheka. Hapa lugha ya amri inaombwa kulipa deni lake, nayo inashindwa hata kulielewa dai.

Hata hivyo, wafu wanaomnyima Beckmann usingizi kwa majina na hesabu ni wenzake. Waliouawa na jeshi lake hawapewi hesabu ya aina hiyo. Günter Grass naye, aliyejeruhiwa Aprili 1945 akiwa na miaka 17, alisubiri hadi mwaka 2006 kukiri kwamba kikosi alichotumikia kilikuwa cha Waffen-SS. Tunaona basi kwamba fasihi ilirithi kutoka kwa askari ukavu wa lugha na mashaka juu ya fahari, lakini ikarithi pia kimya chake.

Maneno ya amri nayo yalidumu kuliko dola iliyoyatunga. Mwaka 1978 mwandishi wa tamthilia Rolf Hochhuth alifichua hukumu za Hans Filbinger, aliyekuwa mwanasheria wa jeshi la majini na wakati huo waziri mkuu wa jimbo la Baden-Württemberg. Filbinger alikuwa ameiomba mahakama adhabu ya kifo dhidi ya baharia Walter Gröger, mwenye miaka 22, aliyepigwa risasi tarehe 16 Machi 1945. Alijiuzulu mwaka huohuo wa 1978. Lakini hukumu dhidi ya watoro zilifutwa na bunge mwaka 2002 tu, na zile za "wasaliti wa vita" mwaka 2009. Kwa zaidi ya nusu karne, mtu aliyeikimbia vita hiyo alibaki mtoro kisheria.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba askari wa kawaida wa Ujerumani mwaka 1945 aliishi kati ya lugha mbili. Ya kwanza ilitoka juu, nayo ilikuwa na nguvu si kwa sababu iliaminiwa bali kwa sababu iliambatana na kamba na risasi. Kwa hiyo swali la kama askari bado aliuamini "ushindi wa mwisho" lina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Neno liliweza kumuua aliyeliamini na asiyeliamini. Ya pili ilitoka chini, na ilimwezesha kutaja woga, baridi na dhuluma ya wakubwa wake.

Lugha hii ya pili huvutia, na msomaji ana mwelekeo wa kuipenda. Hapo ndipo pana hatari. Kejeli iliyomshusha ofisa haikumwinua mfungwa aliyepitishwa barabarani. Hakuna msimu wa kuwataja watu wa ghala la Gardelegen. Mtafiti anayetumia barua, kumbukumbu na fasihi za askari wa jeshi lolote lililoshindwa anapaswa kuyasikiliza maumivu yaliyomo bila kuyapunguza, kisha aulize ni nani asiyekuwamo katika sentensi.